Pesa haikutoka Ureno

Mhariri,

Assalaam aleikum. Katika toleo lenu lililopita mwandishi mmoja kasema neno "pesa" tumelirithi kwa Wareno, eti kutoka "peso". Naomba nafasi nimkatalie.

Hapa kwangu Wete ninayo pesa moja ya shaba aliyoniachia bibi yangu. Imeliwa na chumvi, lakini mizani upande mmoja inaonekana bado, pamoja na mwaka 1299 wa Hijria, zama za Seyyid Barghash. Najua atakachosema: si hiyo mizani, na "peso" ni uzito? Taratibu. Mizani kama hiyo ilikuwa ikipigwa kwenye shaba za Bombay zamani kabla ya Barghash kutawala. Huko rupia moja ilikuwa anna 16, na anna moja paisa nne. Ndipo wazee wetu wakahesabu pesa 64 kwa rupia. Wengi hulirudisha neno paisa kwenye Kisanskriti, kwenye "pada", yaani mguu, na pia robo. Ukimtazama ng'ombe utaelewa kwa nini.

Wareno kwao walihesabu kwa real. Peso ni ya Wahispania, nao huku hawakututawala. Waliyotuachia Wareno tunayajua: meza, bendera, leso, na gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa!

Hata Wajerumani walipokamata bara walianza kwa kupiga pesa zao, 64 kwa rupia vilevile. Mwaka 1904 ndipo walipoleta Heller, 100 kwa rupia, jina lililoanzia mji wa Hall kwao Ujerumani. Kwa hivyo anayesema "hela" anataja mji wa Ujerumani bila ya kujua. Sisi visiwani tulibaki na pesa yetu, ingawa siku hizi vijana wangu nao wananiomba hela.

Ushahidi mwengine uko Maskat. Mpwa wangu anayefanya kazi huko akirudi huja na chenji mfukoni, na Waomani wanaiita baisa, 1,000 kwa riali moja. Kiarabu hakina "p", basi paisa imekuwa baisa. Wahindi nao wana paisa yao hadi leo, 100 kwa rupia.

Mwandishi wenu akipita Wete, aulize dukani kwangu. Pesa ya bibi imo ndani ya mkebe wa kahawa, nitampa aishike.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba