Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Karatasi Chakavu Ichambuliwe Darasani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Leo tuna jambo moja tu la kukueleza: karatasi ya madarasani, ambayo ingeweza kuwa karatasi tena, huchanganywa na makombo na kupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi.

Mheshimiwa, karatasi ni nyuzi za mti. Kule Mgololo, Mufindi, kiwanda hutengeneza karatasi ngumu ya kahawia kwa miti ya paini. Kuzipata nyuzi hizo kutoka kwenye mti ni kazi ya kemikali kali na moto mwingi. Karatasi chakavu haihitaji kupikwa hivyo. Huloweshwa kwenye pipa lenye panga linalozunguka hadi iwe rojo, pini na mchanga huchujwa, wino huelea kwa sabuni na mapovu ya hewa. Kisha rojo, ambalo karibu asilimia 99 ni maji, humwagwa juu ya wavu, likakamuliwa na kukaushwa kwenye mitungi ya chuma yenye joto inayozunguka.

Kinachoharibu ni uchafu tunaoutia sisi huku mwanzoni. Karatasi iliyofungia chipsi ina mafuta, na nyuzi zenye mafuta hazishikani vizuri. Karatasi mpya hutoka na madoa na matundu. Gundi ya selotepu hung'ang'ania wavu na mitungi, karatasi ikakatika mashine ikiwa kasi. Risiti za EFD, zile mashine za kielektroniki za madukani, zimepakwa kemikali, vikombe vya karatasi vina utando wa plastiki: vyote viwekwe kando. Masika nayo ikilowesha mzigo, ukungu hula nyuzi. Na wapo wauzaji wanaoumwagia maji kwa makusudi ili mzani upande, ndiyo maana mnunuzi mzoefu hupenyeza mkono katikati ya robota kabla ya kupima.

Hatudai kwamba urejelezaji utakomesha ukataji wa miti. Nyuzi hufupika kila zinaporudishwa kiwandani. Baada ya mara 5 hadi 7 hivi huwa fupi mno, hazifai tena. Kwa hiyo kutumia karatasi chache kunatangulia. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500. Mtihani wa kurasa 4 kwa wanafunzi 500 ukichapwa upande mmoja unakula rimu 4. Ukichapwa pande mbili, rimu 2.

Mheshimiwa, tunaomba mambo matatu: mashine ya kudurufu inayochapa pande zote mbili, mzani wa kupimia marobota, na banda dogo lenye paa na vichanja vya mbao, ili mzigo usiguse sakafu yenye unyevu. Banda lingekamilika kabla ya Machi, mvua zingetukuta tumeshahifadhi karatasi za mwaka huu.

Tunaomba kuwasilisha.