Bahari Isiyokupwa Sikuitaka

Köln, Julai

Mama mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Sisi huku tu wazima. Salma ndiye bado anatoa mchanga masikioni.

Siku ile kwenye simu ulinicheka: mtoto wa Malindi anatoa pesa kwenda kutazama bahari! Nilinyamaza kwa kuwa baba Salma alikuwa ubavuni kwangu na hesabu za nauli. Kuja nyumbani sasa hivi kungekomba akiba yote, na hiyo tumeiweka kwa ajili ya Desemba, inshallah. Lakini zamu za usiku zimenichosha, Mama, na likizo yenyewe ni siku 8 tu. Sikutaka ziishe hapa nikitazama mvua dirishani.

Baba Salma alitaka Cefalù, kule Sicily. Mji mzuri, sikatai. Jabali kubwa limeuinamia, chini yake pana kanisa alilolianza mfalme Roger wa Pili mwaka 1131, na mchanga umefika hadi kwenye nyumba za kale. Ila miavuli ya kukodi hupangwa safu kwa safu, na Agosti hapana pa kunyoosha mguu. Mwenzangu kazini akanisifia Rovinj, Croatia. Huko watu huingia majini kutoka kwenye mawe. Na mtoto wa miaka 4? Nikaipita.

Sababu hasa ya kuikataa Cefalù utaicheka zaidi: bahari ile haipwi. Maji hupanda na kushuka shubiri moja au mbili, basi. Mwaka juzi nilishinda ufuoni Italia siku nzima nikihisi kuna kitu kimekosekana, na ni usiku kitandani ndipo nilipotambua kuwa nilikuwa nangoja maji yatoke.

Basi tukaenda Tavira, Ureno, mwezi wa Juni kabla ya msongamano. Ukishuka Faro ni treni ya dakika 40 hivi. Eneo lile laitwa Algarve, na jina limetoka kwa Waarabu, al-gharb, ndiko na sisi tulikopata magharibi. Mjini kwenyewe bahari huioni. Kuna mto, nyumba nyeupe na mashamba ya chumvi yenye heroe, kisha unavuka kwa boti hadi kisiwa kirefu cha mchanga. Kati ya mji na kisiwa ni matope na vijito.

Asubuhi ya pili maji yakapwa. Mama, nilisimama na kikombe cha chai mkononi nikasahau kunywa. Boti zimelala ubavu, harufu ya matope ile ile, na bibi mmoja kafunga kitambaa kichwani, kainama na ndoo yake, anachokoa chaza. Kila akipata mmoja anamgonga kwa ukucha kwanza, kisha ndiyo anamtia ndooni. Salma akaniuliza, "Yule ni nyanya?" Nikamwambia hapana, lakini nikaendelea kutazama.

Kijiji cha jirani, Santa Luzia, riziki yao ni pweza. Hawamchomi kwa chuma mwambani kama wavuvi wetu. Wanatosa vyungu vya udongo vilivyofungwa kwenye kamba ndefu. Pweza akiona chungu kitupu anadhani kapata nyumba, anaingia na kujistarehesha, asubuhi anavutwa juu akiwa ndani. Siku hizi vingi ni vya plastiki. Nilimla wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni na vitunguu thomu. Mlaini, lakini nazi hakuna, na mtu asiniambie kwamba ni kitu kimoja.

Maji ni baridi, hilo nikuambie. Baba Salma aliingia hadi magotini, akatoka, akasema amekuja kupumzika wala si kuadhibiwa. Tulitembea hadi Praia do Barril, ambako nanga za wavuvi wa jodari zimepangwa mchangani kwa mamia zikiota kutu. Jodari walikwisha, nanga hazina kazi tena. Salma alihesabu hadi 20 akachoka.

Desemba nakuletea mfuko wa chumvi ya Tavira, ile ya juu inayoenguliwa kwa mkono. Najua utasema Gongoni chumvi imejaa milima kwa milima. Ionje kwanza, kwenye samaki, kisha unicheke.

Msalimie kaka, na umwambie yule paka wake asilale kwenye kitanda changu.

Mwanao,
Mama Salma