Turbo haijakufa, ni paipu imepasuka

Kwako Mhariri,

Hii barua ni ya wenye gari za turbo, yaani zenye kile kifeni cha kukandamizia injini hewa, hapa Nakuru, hasa nyinyi watu wa Subaru, na pia ni ya mafundi wetu, na najua kuna watakaokasirika lakini acha niseme tu. Gari ikianza kuchelewa kushika, ikipanda mlima kama imefungwa handbreki, inakunywa petroli vibaya na kutoa moshi mweusi nyuma, kitu cha kwanza mwenye gari anaambiwa ni kwamba turbo imekufa, tafuta pesa ya turbo. Nimesikia hayo maneno mpaka nimechoka. Na mara nyingi ukifungua boneti mwenyewe unakuta turbo iko sawa kabisa, shafti haichezi, blade ziko zima, kilichokufa ni paipu ya raba ama klampu imelegea tu.

Jirani yetu mmoja hapa Lanet, mama anayetumia Forester yake kubebea mitungi ya maziwa asubuhi, alipigiwa hiyo hesabu ya turbo na gereji moja mjini, jina nitaliweka kando. Kabla hajachukua mkopo wa chama tulimwambia, mama, tupe Jumamosi moja. Tukatoa intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwa turbo, palepale kwake uani, na ile paipu ya plastiki yenye matawi mawili inayotoka kwa turbo kuingia intakula tukaipata ina ufa wa urefu wa kidole, upande wa chini karibu na klampu, mahali jicho halifiki kama hujaitoa. Ukiishika mkononi huoni kitu. Ukiifinya ndio ufa unafunguka na unaona mafuta meusi yametandaa pembeni, hayo mafuta ndiyo yanakuonyesha hewa imekuwa ikitokea wapi. Paipu nyingine ikapatikana Nairobi, Kirinyaga Road, ikaletwa na matatu. Turbo yake ni ileile mpaka leo.

Sasa kwa nini ufa mdogo unaharibu gari hivyo? Kwa hizi Subaru za injini ya EJ20, hewa inaingia kwa boksi ya filta, inapita kwa sensa inayopima ni hewa kiasi gani imeingia, inashuka kwa paipu nene ya raba mpaka turbo, turbo inaikandamiza, inapanda kwa intakula iliyo chini ya ile skupu ya boneti, halafu throto bodi (mlango unaofunguka ukikanyaga), manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa), silinda. Kompyuta inaamini sensa. Sensa ikisema imeingia hewa hii, kompyuta inamwaga petroli ya hewa hiyo, karibu gramu moja ya petroli kwa gramu 14.7 za hewa gari ikitembea polepole, na petroli zaidi ya hapo ukikanyaga. Kama hewa imetoroka baada ya turbo, petroli tayari imeshahesabiwa, inabaki nyingi kuliko hewa, ndio hapo unaona moshi mweusi na plagi zimejaa masizi. Ufa ukiwa kabla ya turbo mambo yanageuka, pale hakuna presha, kuna kuvuta, kwa hivyo inaingia hewa ambayo haikupimwa, petroli inakuwa chache, na vumbi nalo linaingia bila kupita kwa filta. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, juu haina kelele, haina moshi, unaendesha tu ukidhani mambo ni sawa.

Na hapa kwetu kuna jambo la urefu ambalo watu wa Mombasa hawana shida nalo. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Kisumu ni mita 1,130 hivi, huko wana kama asilimia 87. Ukienda Timboroa umepita mita 2,700 na hewa imepungua zaidi. Turbo ya huku inafanya kazi kubwa kuleta presha ileile, inazunguka haraka zaidi, na mzunguko wa turbo si wa kuchezea, ni zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikitoka hapo ishapita digrii 100 za joto, ndio maana ya intakula. Sasa weka ufa juu ya hayo yote, turbo inazidishwa ili kufidia inayovuja, inachemka, na mwisho inakufa kweli. Halafu unanunua mpya, unaifunga na paipu ileile iliyopasuka! Unarudi gereji baada ya muda, unaambiwa hiyo turbo uliyonunua ilikuwa feki.

Kutafuta mvujo si kazi ya chuo kikuu. Unanunua kifuniko cha paipu ya PVC kinachoenea mdomo wa paipu ya turbo, unatoboa, unafunga nozo ya tairi isiyo na tyubu, unakaza na klampu, halafu unajaza hewa polepole na kompresa. Usipite psi 15, na hata 10 inatosha kukuonyesha, ukizidisha unatoa sili za watu. Maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, unanyunyiza kila kiungo. Povu likifura hapo ndipo. Angalia pale plastiki ya intakula imebanwa na alumini, hizo za zamani huachana hapo pembeni, angalia viungo vya raba, gasketi ya ile valvu ya kurudisha hewa, na vihosi vidogo vya vakyumu ambavyo miaka ya joto imevifanya vigumu mpaka ukivigusa vinavunjika. Hizi gari zinakuja kwetu zikiwa zimetumika Japani karibu miaka 8, halafu sisi tunaongeza mingine 10 juu yake. Raba gani itavumilia?

Paipu ya kuingilia turbo ndiyo itakayokutoa jasho. Imepita chini ya manifoldi, na mvuke wa oili kutoka kwa injini unailainisha mpaka inakuwa laini, inajikunja ukikanyaga. Kuibadilisha inabidi manifoldi ilegezwe iinuke. Wengi wanaweka ya silikoni na mimi nawaunga mkono, hiyo ni modifikesheni ya maana, haina kelele lakini haijikunji. Ukiwa hapo chini badilisha na kale kavalvu ka PCV, ka kutolea mvuke wa ndani ya injini, ni ka bei ndogo, kakikwama presha ya injini inasukuma oili kila mahali na raba mpya itaharibika vilevile.

Ukitoa manifoldi kabisa, nafasi ya kuisafisha ndiyo hiyo, lakini sikilizeni vizuri. Kuna mtindo wa kupeleka manifoldi ipigwe mchanga halafu ipakwe rangi nyekundu ya kukunjamana ndio ifanane na STi, ile Subaru ya spidi. Rangi sina neno nayo, inapendeza. Shida ni mchanga. Chembe zinajificha kwa kona za ndani na kwa mashimo ya vihosi, unaosha unadhani zimeisha, injini ikiwaka zinaingia silinda zikikwaruza kuta, na kazi ya rangi inageuka kazi ya ovahoo. Ziba kila shimo kabla haijapigwa, ama tumia brashi na kisafishaji cha kawaida, itachukua muda lakini utalala. Vilevile wale wanaotia grainda kwa milango ya hewa ati wapanue, vumbi la alumini haliulizi kama ulikuwa na nia njema. Manifoldi ikiwa nje, milango ya silinda izibwe na kitambaa safi kikubwa, si karatasi, maana nati ya namba 10 ikiangukia humo utatoa hedi. Gasketi mpya kila mara. Bolti za manifoldi zinakazwa Nm 25, mkono wa fundi aliyezoea lori utazikata, kwa hivyo azima spana ya toki.

Throto bodi nayo inasafishwa na kabu klina na kitambaa, ikiwa imetolewa, umeme umekatwa, na ile ya umeme usiisukume na kidole. Sensa ya hewa ina kisafishaji chake na usiipulizie kabu klina hata kama fundi anakwambia ni dawa ileile. Waya wake ni mwembamba kuliko unavyofikiria. Usiuguse, nyunyiza tu na uache ukauke.

Sasa tuje kwa pshhh. Vijana wengi hapa mjini kitu cha kwanza wananunua ni valvu ya kutema hewa nje, ndio ukibadilisha gia watu wa stejini wageuke. Mimi pia napenda hiyo sauti, sitadanganya. Lakini hizi gari zilitengenezwa hewa hiyo irudi kwa paipu ya kuingilia turbo, juu ishapimwa na sensa. Ukiitema nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo, kila gia, siku nzima. Umelipia mvujo. Yaani huyu ametumia pesa kununua kitu kilekile ambacho yule mama alikuwa nacho bure kwa paipu yake.

Filta ya koni ndiyo naiogopa zaidi kwa mkoa huu. Ukitoa boksi ya kiwanda ukaweka koni wazi chini ya boneti, inavuta hewa ya moto ya injini badala ya ile baridi ya mbele, na kila digrii 3 hivi za joto unapoteza kama asilimia moja ya uzito wa hewa. Oili inayopakwa kwa zile za pamba ikizidi inaenda kukaa kwa waya wa sensa. Ukibadilisha na upana wa paipu ya sensa, vipimo vyote vinakuwa uongo mpaka kompyuta ipangwe upya. Halafu kuna vumbi. Sisi tunaishi kwa udongo wa volkano, pale Kariandusi karibu na Gilgil wanachimba diatomaiti ambayo ni silika, ukiendesha nyuma ya lori barabara ya mchanga kiangazi unajua naongea nini. Vumbi hilo likipita kwa filta mbovu linakula ncha za blade za turbo taratibu, halafu linaenda kwa ringi. Boksi ya kiwanda yenye filta ya karatasi, ikibadilishwa mapema kuliko kitabu kinavyosema, haina mpinzani huku. Ukitaka sauti, toa lile boksi la kunyamazisha lililo ndani ya fenda, utaisikia turbo ikivuta na filta yako iko palepale.

Najua mnataka kufanana na gari za rali, na nani hataki, tangu WRC, mashindano ya rali ya dunia, irudi Naivasha 2021 kila kijana ni dereva. Subaru Impreza ilishinda Safari 1997 na Colin McRae na tena 2000 na Richard Burns. Lakini zile gari zilikuwa zimebanwa mdomo wa turbo kwa kizuizi cha milimita 34, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, kwa hivyo mafundi wao hawangeweza kupoteza hata pumzi moja ya hewa. Nguvu yao ilitoka kwa kuziba na kupanga. Gari yako haina kizuizi, ina ufa, na unataka kuongeza bust, presha ya turbo! Ukiongeza bust bila kupangiwa kompyuta, na petroli tunayotumia si ile ya okteni ya juu ambayo hizi gari zilipangiwa kule Japani, injini inaanza kugonga, na pistoni za EJ zinajulikana kwa kukatika pale katikati ya ringi. Hapo sasa hutaongea na mimi, utaongea na mtu wa ovahoo.

Nyinyi wa Hiace za dizeli msicheke. Moshi mweusi mnaotuachia mkipanda kutoka Salgaa mara nyingine ni paipu tu pia.

Wanaotaka kujaribu wikendi, injini ipoe kabisa kwanza. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, washa mpaka izime yenyewe ndio presha ya petroli iishe, halafu toa terminali ya negativu. Watoto wakae mbali na hakuna mtu wa sigara karibu. Piga picha kila hosi kabla ya kuitoa, simu zenu zina nafasi ya mamia ya picha za nyama choma, zitapata nafasi ya hosi pia.

Na kwa mafundi, wakubwa wangu, sina ugomvi na kazi yenu. Naomba kitu kimoja. Kompresa mnazo, kifuniko cha PVC kiko kila hardware, sabuni iko hapo kwa karai lenu la kunawa. Kabla ya kutamka turbo, pimeni mvujo mteja akiwa amesimama hapo anaona, na mtutoze hiyo kazi, tutalipa. Kama hakuna povu mahali na shafti inacheza, basi sawa, turbo imekufa na tutatafuta hiyo pesa.

Msomaji wako,
Lanet, Nakuru