Kabla Hujanunua Jiwe Namba 12000

Wanaotuletea dukani wembe wa kukunja huja na swali lilelile: mna jiwe gani la kunolea lililo laini zaidi? Wembe unavuta ndevu badala ya kuzikata, basi mtu anaona dawa ni jiwe la namba kubwa, maana namba ikipanda chembe za jiwe zinazidi kuwa laini. Mara nyingi ubovu uko chini kabisa, kwenye jiwe la kuanzia, namba 1000.

Tuelewane kwanza ni wembe upi. Vile vishikio vya vinyozi, vinavyowekwa kiwembe kipya kwa kila mteja, havihusiki. Kiwembe chake hakinolewi, kinatupwa, na saluni ndivyo inavyotakiwa, maana wembe unaopita kwa watu wawili unaweza kuhamisha homa ya ini au VVU. Tunasemea wembe wa chuma kimoja, wa mtu mmoja, kama zile zilizoupa jina mji wa Solingen kule Ujerumani na Sheffield kule Uingereza.

Kwenye wembe huu mgongo, ule upande mnene ulio mkabala na makali, ndio kipimo. Ulaze juu ya jiwe, mgongo na makali viguse pamoja, na pembe ya kunolea imeshapatikana. Hukadirii kama unavyokadiria kwa kisu. Anayeinua mgongo kidogo ili amalize haraka anapata makali manene, na itabidi aanze upya.

Kazi ya namba 1000 ni kuzikutanisha pande mbili za chuma pale ukingoni, kuanzia kisigino cha wembe, upande wa mpini, hadi nchani. Zisipokutana, hayo mawe ya 4000, 8000 na 12000 yatang'arisha tu wembe butu. Tumepokea nyembe zinazong'aa kama kioo na haziwezi kukata unywele mmoja.

Utajuaje kama zimekutana? Chukua maka peni, paka wino ukingoni pande zote mbili, kisha pitisha wembe kwenye jiwe mara chache bila kukandamiza. Angalia kwa lenzi. Palipobaki wino jiwe halijafika, na mara nyingi huwa ni kisiginoni au nchani. Halafu shika wembe chini ya taa, makali yakikutazama: ukiona mstari au vitone vinavyometa, hapo bado ni butu, kwa sababu makali yaliyokamilika hayarudishi mwanga. Ukitoka hapo jaribu nywele za mkono. Wembe uliokamilika kwenye 1000 unazinyoa kwa urefu wake wote, hata kama bado unakwaruza ngozi. Usipande jiwe la juu kabla ya hapo, hata ikikuchukua jioni nzima.

Jiwe lenyewe je? Likiwa na bonde katikati, hakuna ujanja utakaosaidia, na hata jipya huenda halijanyooka. Lichore mistari ya penseli, lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene mpaka mistari yote ifutike.

Mawe ya juu hayana makuu. Kila moja linafuta mikwaruzo ya lililotangulia, na mkono unazidi kuwa mwepesi. Namba 8000 inatosha kunyolea. Hiyo 12000 ni starehe. Tunaiuza, lakini hatutakusukuma uinunue mwanzoni.

Baada ya jiwe unakuja mkanda wa ngozi, ambao wembe unapitishwa juu yake huku na huku. Hapa wembe unatangulia kwa mgongo, na unapogeuza unaugeuza juu ya mgongo, la sivyo utaukata mkanda. Ile kasi ya vinyozi wa kwenye sinema achana nayo. Ukiupitisha kwenye mkanda kila kabla ya kunyoa, unaweza kukaa miezi kadhaa bila kurudi kwenye jiwe.

Kwa walioko Pwani, adui mkubwa ni kutu. Futa wembe ukauke kabisa, paka mafuta ya mashine kidogo, na usiuweke bafuni.

Ukituletea, tutaukagua kwa lenzi kwanza. Kama unahitaji mkanda tu, tutakwambia, na hutalipia kunolewa. Wenye ufa tunaurudisha bila kuugusa, na ambao kutu imekula hadi ukingoni tutakuonyesha chuma kiasi gani kitapungua kabla hujakubali. Wa kujifunzia usiwe ule wa babu: tafuta wa bei ndogo, ulionyooka, na uje nao dukani tuutazame kabla hujanunua jiwe lolote.