Baba anaanika karafuu za safari ambayo haipo

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba, na ndiye mkubwa kwetu.

Mdogo wangu ana miaka 24. Kasomea mambo ya hoteli Unguja, na tangu amalize hajapata kazi. Mwezi uliopita aliletewa barua pepe kwamba hoteli moja ya Dubai inamtaka awe mhudumu kwa dirhamu 6,500 kwa mwezi. Hakuomba kazi hiyo wala hakusailiwa. Akapeleka nakala ya pasipoti na dola 180 za kufunguliwa faili. Sasa wanataka 450 nyengine za viza, ndani ya siku tatu.

Nilimuomba anioneshe barua yenyewe. Nembo ipo, muhuri upo, lakini anwani ya mtumaji inaishia gmail.com, na pesa zinatakiwa ziende kwa jina la mtu, si la hoteli. Nikaitafuta tovuti ya hoteli nikawaandikia. Siku ya pili wakanijibu kuwa barua hiyo si yao. Tena sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumuajiri. Yote nikamueleza. Akaniambia namuonea kijicho.

Kinachoninyima usingizi ni karafuu. Baba kazianika kwenye majamvi uani. Kila magharibi akizikusanya huchukua moja, akaivunja kwa vidole kusikiliza kama imekauka, kisha husema, "Hizi ndizo za safari ya kijana." Mama keshasomesha dua, na majirani wameshakuja kumuaga.

Mdogo wangu siku hizi hali pamoja nasi. Juzi usiku nilimsikia chumbani anaisoma ile barua kwa sauti ndogo, akamaliza, akaanza tena. Naamini moyoni keshajua, ila aibu imemfunga mdomo.

Naombeni ushauri wenu, ndugu zangu. Nimwambie baba kabla hajazipeleka karafuu kuziuza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, au nimuachie mdogo wangu aseme mwenyewe? Nikimtangulia, nahofia hatonisamehe. Nikimngoja, pesa zitakwenda. Na ile nakala ya pasipoti iliyo mikononi mwao, tukiripoti polisi inatosha, au pana pengine pa kupeleka taarifa? Muda waliompa unaisha Alkhamisi.

Dada mkubwa,
Wete