Barua ya Wazi kwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa: Ruzuku ya Miezi 12 Haimalizi Kesi ya Mshahara

Kisauni, Mombasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa na Mipango ya Kiuchumi,
Nairobi.

MINTARAFU: MICHANGO YA WAKENYA KWA MASHIRIKA YANAYOWATETEA WAFANYAKAZI WA MISHAHARA MIDOGO

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kama mweka hazina kwa mwenye Hazina, ingawa hazina yangu mimi inaenea katika kabati moja la chuma lenye kufuli bovu. Shirika letu dogo huwasaidia yaya, wapishi wa majumbani, walinzi wa usiku na vibarua wa hoteli kudai mishahara waliyoitolea jasho wasilipwe. Ombi langu ni moja tu: sheria ya kodi ya mapato itamke wazi kwamba kazi ya aina hii ni ya manufaa kwa umma, ili Mkenya anayetaka kuichangia apate nafuu ile ile ya kodi anayoipata anapochangia makao ya mayatima. Sababu zake ni ndefu kuliko ombi lenyewe, nami naomba unisikilize.

Tangu agizo la Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika majiji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Mama anayeingia ofisini kwetu mara nyingi huwa amelipwa chini ya nusu ya kiasi hicho kwa miaka kadhaa, hana mkataba wa maandishi wala hati ya malipo, na ushahidi wake wote umo ndani ya simu: jumbe za M-Pesa za tarehe zisizofuatana, nyingine zikionyesha malipo yaliyokatwa kwa sababu ya sahani iliyovunjika. Sheria ya Ajira ya 2007 iko upande wake kuliko anavyodhani, kwa kuwa mwajiri ndiye anayetakiwa kuutoa mkataba panapozuka mashauri, na akishindwa kuutoa, mzigo wa kuyakanusha madai humwangukia yeye. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mama huyu miaka 3 pekee ya kufungua madai, na muda huo huliwa na mambo madogo madogo: kutafuta taarifa za simu za miaka iliyopita, kukokotoa likizo na Jumapili alizofanya kazi, kumwandikia mwajiri barua ya kudai, kwenda kwa afisa wa kazi, kurudi kwa afisa wa kazi, na suluhu ikikosekana, kufika mbele ya hakimu, ambaye amepewa uwezo wa kusikiliza madai ya walio na mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Kesi tunayoiona sisi kuwa imekwenda mbio huchukua mwaka na ushei.

Ruzuku nazo zina mwendo wake. Wakfu mmoja wa ng'ambo, ambao sitautaja kwa kuwa ulitutendea wema kwa namna yake, ulituidhinishia fedha za miezi 12. Zilituingia mwezi wa nne wa mradi, na kufikia mwezi wake wa kumi tulikuwa tumeshaanza kuandika ripoti ya kufunga mradi. Jedwali tulilopewa lilitaka idadi ya warsha, idadi ya waliohudhuria, wanaume wangapi na wanawake wangapi, pamoja na picha. Halikuwa na safu hata moja ya kuandika ni shilingi ngapi zilizorudi mikononi mwa wenyewe. Kodi ya ofisi na mshahara wa msaidizi wetu wa sheria viliwekwa katika fungu la gharama za uendeshaji, na fungu hilo lilikuwa na kikomo kigumu, kana kwamba kesi hujiendesha yenyewe na warsha ndiyo kazi. Mradi ulipofungwa, msaidizi wetu alikwenda zake kutafuta riziki, akatuachia mafaili 9 mezani.

Halafu ukaja mwaka 2025. Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje mwezi wa Januari, na mwezi wa Machi Idara ya Kazi ya nchi hiyo ikakatisha ruzuku zake za kutetea haki za wafanyakazi katika mataifa mengine. Sisi hatukuwa tukipokea hata senti moja kutoka huko, lakini waliokuwa wakipokea walilazimika kubisha milango ile ile tuliyokuwa tukibisha sisi, na mlango wenyewe ukawa mwembamba. Siandiki haya kumlaumu mgeni kwa kufunga mkoba wake, ni wake. Ninachouliza ni kwa nini mkoba wa nyumbani haufunguki.

Maana wenyeji wa Pwani hawahitaji kufundishwa wakfu ni nini. Neno hili tunalolitumia leo kwa taasisi kubwa za Ulaya na Marekani ni letu tangu jadi: mtu huifunga nyumba yake isiuzwe wala isirithiwe, na kodi ya wapangaji wake ikaendesha msikiti, madrasa au kisima miaka na miaka baada ya yeye kufa. Tume ya kuzisimamia mali hizo imekuwapo tangu enzi za ukoloni. Aliyeweka wakfu hakudai picha za warsha kila robo mwaka. Fedha za namna hiyo, ndogo lakini zisizokatika, ndizo zinazofaa kwa kesi ya mshahara.

Hapo ndipo sheria yako inapohusika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kungojewa kwa zaidi ya miaka 10, imeieleza kazi ya manufaa kwa upana: inajumuisha hata kutetea maslahi ya kundi fulani la watu. Sheria ya Kodi ya Mapato, kwa upande wake, inapotaja mashirika ya hisani yanayostahili msamaha wa kodi bado inashikilia maneno ya zamani: kupunguza umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza dini, kuendeleza elimu. Mchango unaotolewa kwa shirika lenye msamaha huo ndio mtoaji anaoweza kuuondoa katika mapato yake yanayotozwa kodi. Sasa je, kumrudishia yaya mshahara wake wa miezi 14 ni kupunguza umaskini? Mimi nasema ndiyo, tena bila kumpa sadaka mtu yeyote. Lakini jibu halipaswi kutegemea ni nani anayelisoma faili siku hiyo, na mfanyabiashara anayetaka kutuchangia hawezi kupanga hesabu zake kwa kubahatisha.

Najua utauliza kuhusu mianya. Wapo watakaosajili shirika la kuwatetea wafanyakazi ili kuficha faida zao, na wapo waajiri watakaochangia ili tuwafumbie macho. Kwa hilo la pili tumejiwekea kanuni: hatupokei kitu kwa mtu ambaye mfanyakazi wake ana faili kwetu. Kwa la kwanza, watake wote wanaopewa msamaha wachapishe kila mwaka jumla ya fedha walizowarudishia wafanyakazi. Sisi tuko tayari kuanza kesho. Wala hatutaki kuchukua nafasi ya KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hotelini na hospitalini, ambacho tunawaelekeza kwake wote wanaoweza kujiunga nacho. Wala pengo la fedha zetu haliwezi kuzibwa kwa ada: mwanachama wetu hulipa shilingi 50 kwa mwezi, na kumwongezea aliyekwisha kudhulumiwa sitaki.

Wizara yako hukaribisha maoni kabla ya Mswada wa Fedha kupelekwa Bungeni. Marekebisho tunayoyapendekeza ni sentensi moja, nasi tutayaleta kwa njia hiyo rasmi mlango utakapofunguliwa. Nimeona niyaseme hadharani mapema kwa sababu yale mafaili 9 bado yamo kabatini, na 2 kati yake yatatimiza miaka 3 kabla mwaka haujaisha.

Wako mtiifu,

Mweka hazina wa shirika la kuwasaidia wafanyakazi wa mishahara midogo,
Kisauni.