Nani anamwandikia mtoto wa miaka 14?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu lawama ambayo sasa haikosi kusikika katika kila mkutano wa wazazi, kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa hapa Tanga, na lawama hiyo nimeitoa mwenyewe mara nyingi, chaki mkononi, mbele ya hao hao ninaowalaumu. Tangu nilipostaafu huketi jioni barazani kwangu Makorora, na huko nimeona jambo lililonifanya niyakumbuke maneno yangu kwa haya kidogo.

Mtaani kwetu wako vijana watano au sita, wa kidato cha pili na cha tatu, ambao hukusanyika jioni kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Nilidhani wanatazama mpira. Siku moja nilipomwuliza mmoja wao, aliniamkia kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, tunangoja sehemu ya 27." Kumbe wanafuatilia hadithi ya mapenzi na uchawi inayotumwa vipande vipande katika kundi la WhatsApp, na mwandishi wake, ambaye hawamjui hata kwa jina la kweli, huwakatia uhondo kila inaponoga na kuwataka watume shilingi 1,000 ili wapate sehemu zilizobaki. Walikuwa wamechanga. Watoto ambao hukosa hata fedha ya daftari walikuwa wamechangishana mia mbili mbili ili wajue kama bibi harusi ndiye aliyemroga wifi yake. Kiswahili cha hadithi ile kingemliza mwalimu yeyote, maana "r" na "l" zimebadilishana nyumba na nukta haionekani mpaka mwisho wa sehemu. Lakini vijana wale walikuwa wanasoma, tena wakibishana kwa hoja juu ya walichokisoma, jambo ambalo mimi darasani sikulipata ila kwa kutishia adhabu.

Kwa hiyo swali langu limebadilika. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na vitabu vya hadithi vya umri wake vipo, vyembamba, vyenye picha, vya sungura na fisi. Akiingia kidato cha kwanza, akiwa na miaka 13 au 14, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza na Kiswahili hubaki somo moja tu katika ratiba. Riwaya ya Kiswahili hukutana nayo katika fasihi ya kidato cha tatu na cha nne, na mara nyingi anachokishika hasa ni mwongozo, yaani kile kijitabu cha karatasi duni ambamo dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi vimekwisha kuchambuliwa na kupangwa tayari kwa kukaririwa. Nimewahi kuwa na wanafunzi waliopata alama nzuri katika swali la riwaya bila ya kuifungua riwaya yenyewe, na aliyewapa alama hizo ni mimi. Kati ya sungura na mwongozo, hakuna kitu.

Hata tuzo zetu zinaliruka pengo hilo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza mwaka 2022 na ambayo naishukuru kwa moyo wote, imeshindanisha riwaya, ushairi, hadithi za watoto na tamthiliya, lakini hadithi za kijana aliyekwisha kuacha utoto na hajawa mtu mzima hazina kipengele chao. Tuzo ya Burt, iliyoanzishwa nchini mwishoni mwa miaka ya 2000, ndiyo iliyowalenga vijana hasa, na miswada iliyoshindanishwa hapa kwetu ilikuwa ya Kiingereza.

Lakini nisiwatupie wengine mzigo wote. Mwaka niliostaafu niliandika hadithi ya vijana, nikampa mjukuu wa jirani, binti wa kidato cha pili, aisome kabla ya mtu mwingine. Aliurudisha mswada baada ya siku mbili, kona ya ukurasa wa 11 ikiwa imekunjwa. "Babu," akaniambia kwa adabu, "huyu atadanganywa na yule wa bodaboda, atapata mimba, atakataliwa, halafu atarudi kwa mama yake kuomba radhi. Si ndiyo?" Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, katika sura ya 6. Akaongeza, "Kwani sisi hatuna jingine?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya mkuu wa shule ya asubuhi ya Jumatatu, nikaivika baibui na kuiita hadithi.

Wapo watakaosema kwamba fasihi yetu ni ya maadili na lazima ifunze. Sikatai, ila na tutazame alivyofanya mwenyeji wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na jiji hili mwaka 1909, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwamba aliona haya kutoa mawaidha. Katika Adili na Nduguze anatuonyesha liwali anayesifika kwa wema, naye kila usiku huwachapa manyani wawili. Kwa nini mtu mwema kiasi hicho awapige wanyama? Swali hilo ndilo linalomfanya mtoto afunue ukurasa, na funzo kuhusu husuda humfikia akiwa njiani kulitafuta jibu. Sisi wa rika langu tuliosoma upelelezi wa Willy Gamba wa Elvis Musiba chini ya dawati hatukulazimishwa na mtu, na adhabu tuliyopata tulipokamatwa haikutuzuia.

Mswada wangu wa pili niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Baada ya miezi minane alinijibu kwamba kazi ni nzuri, ila niongeze maswali ya ufahamu mwishoni mwa kila sura ili iombewe ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania kuwa kitabu cha ziada. Simlaumu sana. Soko la vitabu nchini kwetu ni shule, na mzazi anayeingia dukani kumnunulia mwanawe hadithi kwa ajili ya raha tu ni nadra, nami mwenyewe nikiwa mzazi sikuwa mmoja wao. Anayechapa nakala 1,000 bila ya tumaini la kuuza shuleni anautupa mtaji wake baharini. Hata hivyo mtoto anayekuta maswali mwishoni mwa sura hutambua papo hapo kwamba alikuwa ametegewa, na nilikataa kuyaandika.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Magazeti ya Kiswahili yamewalea wasomaji wengi kwa hadithi za mfululizo, na mimi ni mmoja wao, niliyezisoma kwa kinyozi huku nikingoja zamu yangu, mara nyingine kipande cha mwisho kikiwa kimekwisha kufungiwa kashata. Naomba nusu ukurasa kila Jumamosi kwa hadithi ya vijana wa miaka 13 hadi 17, iliyohaririwa vizuri, isiyo na kisanduku cha "tunajifunza nini" chini yake, na mwandishi alipwe, hata kama ni kidogo. Wale wa simu iliyopasuka wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kungoja sehemu ijayo.

Ukikubali, ninao mswada wa kuanzia. Mswada wangu una sura 9, unahusu vijana watatu wanaoisaka baiskeli iliyoibwa Barabara ya 12, Ngamiani. Yule binti ameusoma. Safari hii kona iliyokunjwa iko ukurasa wa 63, naye anasema aliikunja kwa sababu mama yake alimwita akaoshe vyombo.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Makorora, Tanga